Mabakuli Manane ya Mrenda

Jumatano, Aprili 30

Mwalimu Osundwa, anayetufundisha biolojia, amesema kila mwenye mradi wa sayansi aweke madaftari mawili. La kwanza ni la vipimo tu. La pili ni la mengine yote: mvua, nani alisema nini, ulikosea wapi. "La kwanza litakuambia ni nini kimetokea," alisema. "La pili litakuambia kwa nini."

Hili ni la pili.

Naitwa Mitchel. Niko kidato cha tatu, shule ya kutwa, na ninakaa na Kukhu, yaani nyanya yangu, hapa karibu na Butere. Wazazi wangu wanalima mahindi Likuyani. Jina la Kukhu ni Awinja, lakini mimi sijawahi kumwita hivyo.

Wiki iliyopita Kukhu alipimwa damu zahanatini. Mafuta yaitwayo kolesteroli yalikuwa 6.8. Priscah, mhudumu wa zahanati ambaye kila mtu humwita daktari, alimwambia yanapaswa kuwa chini ya 5.2. Alimpa miezi mitatu. Abadilishe chakula, atembee, kisha apimwe tena mwisho wa Julai. Yasiposhuka vya kutosha, ataanza vidonge vya kila siku.

"Vidonge nitameza vikibidi," Kukhu alisema tukirudi. "Lakini kwanza nipewe nafasi yangu."

Nafasi hiyo ndiyo mradi wangu.


Alhamisi, Mei 1

Nilimwambia mwalimu nitampikia Kukhu mrenda, ile mboga ya utelezi, na majani ya kunde kila siku nione kama atapungua. Akauliza, "Na akipungua, utajuaje ni majani? Labda ni kutembea. Labda ni wasiwasi. Mtu mmoja ni hadithi, Mitchel. Niletee watu."

Watu ninao. Kukhu yuko katika kikundi cha wanawake wanane kinachoitwa Mwiko Mmoja. Ndio wanaopika kwenye harusi na matanga eneo hili lote. Wana sufuria ambazo mtoto anaweza kuogea ndani, na wote ni wanene, kwa sababu mpishi lazima aonje, na wao huonja kwa makini.


Jumamosi, Mei 3

Wote wanane walikuja jikoni mwa kanisa. Walitia sahihi barua za idhini ambazo mwalimu aliniandikisha mara tatu. Daktari Priscah alikuja na mashine yake ndogo inayosoma tone la damu, akasema mbele ya wote kwamba hakuna mtu atakayeacha dawa yoyote aliyoandikiwa kwa sababu ya mboga. Mama Christine, anayemeza dawa ya presha, alimwitikia mara mbili.

Kisha mizani. Nilidhani wataona haya. Walishindana.

"Tisini na mbili," nilisoma ya Kukhu.

"Shemeji umeniacha mbali," alisema Mama Immaculate, ambaye ua wake unapakana na wetu. "Mimi themanini na nane tu. Watu watasema mume wangu hanilishi." Immaculate mwenyewe ni binti yake aliyeko Nakuru, lakini jina limemkaa mama.

Nikawagawa kwa kura. Wanne wa kundi la kwanza watakula mabakuli mawili ya majani kila siku, yaliyochemshwa bila mafuta, kwa maji ya musherekha, yale ya majivu ya maganda ya maharagwe. Wanne wa kundi la pili waendelee kula kama kawaida. Kukhu na Mama Christine wako la kwanza. Mama Immaculate yuko la pili.

"Kwa hivyo mimi kazi yangu ni kutofanya kitu," alisema Mama Immaculate.

"Ndiyo, Mama. Wewe ni wa kulinganishia."

"Nimezaa sita, nimelea tisa, nimepikia maaskofu wawili. Leo nimekuwa wa kulinganishia."

Wakacheka mpaka mizani ikatikisika. Sikucheka. Nilihisi ananidharau, na bado nahisi hivyo.

Ili vipimo vifanane, niliwapa wale wanne wa majani mabakuli ya plastiki ya buluu, yote saizi moja, kila mtu mawili. Mabakuli manane. Kila mmoja ana karatasi ukutani ya kuandika ametumia mangapi.


Jumatatu, Mei 5

Mvua kuanzia saa tisa. Mrenda unamea hata njiani.


Jumamosi, Mei 10

Kundi la majani: wamepungua nusu kilo kwa wastani. Kundi la kawaida: hakuna mabadiliko. Nilichora mistari miwili kwenye karatasi ya grafu, mmoja kijani, mmoja mwekundu. Wa kijani umeinama kidogo. Niliutazama sana.


Jumanne, Mei 13

Mvua. Karatasi ya Kukhu: mbili, mbili, mbili.


Jumamosi, Mei 17

Mstari wa kijani haukushuka. Mwekundu ulishuka. Nadhani mizani ilikuwa imeegemea ukuta.


Jumatano, Mei 21

Mama Christine ameambiwa sokoni kwamba anakonda na kuulizwa kama ni mgonjwa. Ajabu ni kwamba hajakonda. Nilimpima Jumamosi. Kukhu anasema hapa kwetu ukianza kula mboga kwa kupenda, watu huanza kukuchangia.


Jumamosi, Mei 24

Niliisogeza mizani mbali na ukuta, nikaweka chini yake ubao wa kuchorea uliotulia, nikaijaribu kwa gunia la kilo kumi la sukari. Ikasoma kumi. Mizani haina kosa.

Kundi la majani limepanda. Kundi la kawaida limeshuka kilo nzima.

Mama Immaculate aliruka chini akajizungusha kama bibi harusi. "Themanini na saba bila jasho. Mitchel, huu mradi wako unawafaa sana wasiokuwamo."

Kukhu aliangalia sakafu. Nilidhani ananionea huruma.


Jumapili, Mei 25

Mvua mpaka ibada ikachelewa. Sina la kuandika.


Jumatano, Mei 28

Mwalimu Osundwa alitazama grafu yangu muda mrefu, akaigeuza chini juu, akairudisha. "Una hakika hukubadilisha majina?"

"Nina hakika, Mwalimu."

"Basi subiri damu. Mizani hupima hata viatu."


Jumapili, Juni 1

Leo ni Madaraka. Mwiko Mmoja walipikia wazee kwenye uwanja wa chifu. Niliwaona wakionja. Nimeamua kutotazama.


Jumamosi, Juni 7

Nitaandika taratibu ili nisiharibu ukurasa.

Wiki tano zimekwisha. Daktari Priscah alikuja na mashine yake, akawapima wote, na mimi nikaandika. Kundi la majani lilianza na wastani wa 6.4. Leo ni 6.4. Kundi la kawaida lilianza na 6.3. Leo ni 6.0.

Kukhu alikuwa 6.8. Sasa ni 6.7. Uzito wake ni kilo 92.3, zaidi ya tulipoanza.

Mama Immaculate, ambaye kazi yake ni kutofanya kitu, ameshuka kutoka 6.1 hadi 5.8.

Daktari alinishika bega. "Matokeo mabaya nayo ni matokeo," alisema. Najua. Imo kwenye kitabu. Lakini kitabu hakijakaa jikoni na Kukhu akichambua mrenda jani kwa jani, akiimba, akisema huu ndio utakaomwepusha na vidonge. Mwisho wa Julai hauko mbali. Ikiwa majani hayafai kitu, basi mimi ndiye niliyemlia Kukhu nafasi yake.

Tulirudi nyumbani. Kukhu alitembea nyuma yangu. Kwa kawaida yeye hutangulia.


Jumapili, Juni 8

Baada ya ibada Kukhu alinituma nirudishe ungo wa Mama Immaculate. Niliukuta mlango wa jikoni wazi. Nje, kwenye uchanja wa vyombo, kulikuwa na mabakuli matatu ya buluu yameinamishwa yakauke.

Nilisimama hapo na ungo mkononi.

"Mama," niliita, "haya mabakuli yamefikaje hapa?"

"Kwa miguu ya nyanya yako," alijibu kutoka ndani. Akatoka akijifuta mikono. "Moja ni yake, hiyo ingine ni ya Mama Christine, ya tatu hata nimesahau. Kwani umetumwa kuzichukua? Ngoja, sijaziwekea kitu."

"Anakuletea mrenda?"

"Sasa wewe ulitaka aje? Mrenda ukipikwa pale, harufu inafika hapa kabla hajaepua. Awinja akule peke yake, mimi nikimwangalia juu ya ua kama mbwa? Hiyo si tabia yake."

"Na wale wengine watatu wa kundi lako?"

"Wanaletewa pia. Kila mtu na jirani yake."

"Na ukimaliza kula?"

"Narudisha bakuli."

"Tupu?"

Hapo aliniangalia kama nimemtukana mama yake. "Mitchel. Mimi nimezaliwa na nani, nirudishe bakuli ya mtu ikiwa tupu? Kwetu bakuli hairudishwangi tupu, hata kama uliletewa chumvi. Juzi nilimwekea mandazi nne. Wiki ile ng'ombe yangu ilizaa nikamwekea samli. Jumanne ilikuwa njugu za kukaanga."

Nilimpa ungo wake. Nilisahau hata kuaga.

Kukhu alikuwa amekaa kwenye kigoda akimenya ndizi. Alinitazama usoni akajua.

"Karatasi yako inasema mabakuli mawili kila siku," nilisema.

"Nilipika mawili kila siku."

"Lakini hukula mawili."

"Nilikula moja. La pili lilikwenda lilikokwenda."

"Na mandazi, Kukhu?"

Alimenya ndizi mpaka mwisho kabla ya kujibu. "Mandazi hukuniambia niandike."

Nilienda nikakaa nyuma ya nyumba kwenye kunde, nikalia. Nilikasirika na Kukhu, kwa sababu aliniona nikichora mistari ile kila Jumamosi na hakusema. Nilikasirika na Mama Immaculate kwa sababu ya kujizungusha kwake. Halafu mvua ikaanza na hakuna mtu aliyeniita niingie, na hapo, nikiwa nimelowa, nikaelewa jambo moja. Kukhu alisema kweli. Sikumwambia aandike mandazi. Nimekula katika nyumba hii tangu darasa la nne. Nimetumwa na bakuli mara mia. Hata siku moja sijawahi kurudi nalo tupu. Mimi ndiye niliyechukua majirani nikawapa mabakuli, nikategemea yakae rafuni.


Jumatatu, Juni 9

Nilimweleza Mwalimu Osundwa kila kitu. Nilidhani ataniambia nichague mradi mwingine, kama wa betri za ndimu.

Alicheka hadi akavua miwani. Kisha akaomba radhi.

"Mimi ni wa hapa hapa," alisema. "Mama yangu alikuwa akinituma na bakuli. Na mimi pia sikulifikiria. Kwa hivyo tumekosea wawili." Akavaa miwani. "Sasa niambie. Walioletewa mrenda walishuka?"

"Walishuka, Mwalimu."

"Na waliokula mrenda wakarudishiwa mandazi na samli?"

"Walibaki pale pale."

"Basi kilichoharibika ni makundi yako. Swali lako ni zima. Una damu ya mwanzo, una damu ya katikati. Una wiki sita. Kila mwanamke anaweza kulinganishwa na yeye mwenyewe. Utafanya nini na wiki sita?"

Nilisema nitawakataza kupelekeana chakula.

"Utawakataza," alisema, kama mtu anayeonja chai isiyo na sukari. "Nenda ufikirie tena."


Jumanne, Juni 10

Nimefikiria.


Jumatano, Juni 11

Niliwaita wote wanane jikoni mwa kanisa. Niliandika maneno yangu kwanza nikayasoma.

Niliwaambia makundi mawili yamekwisha. Wote wanane sasa ni wa majani. Kila mmoja atakuwa na bakuli moja la buluu, na mabakuli yanaruhusiwa kwenda nyumba yoyote. Sharti ni moja: bakuli lirudi na mboga ya majani ndani. Isiwe mandazi wala samli wala njugu. Na karatasi ya ukutani sasa ina safu tatu: nilichokula, nilichotoa, nilichorudishiwa.

Kisha Kukhu akainuka. Hakuniangalia mimi, aliwaangalia wenzake.

"Huyu mtoto alikuwa anapima, na sisi tulikuwa tunamharibia vipimo kwa mikono yetu. Mimi wa kwanza. Nilimwona akihangaika na mizani nikanyamaza, kwa sababu niliona haya kumwambia mrenda wake umeenda kwa jirani. Nimesema."

Akakaa. Sijawahi kumsikia Kukhu akikiri jambo mbele ya watu.

Mama Immaculate aliinua mkono kama mwanafunzi. "Nataka kuelewa. Nikiletewa mrenda, nirudishe majani ya saga. Nikiletewa saga, nirudishe kunde."

"Ndiyo, Mama."

"Na yangu ikiwa tamu kuliko yake?"

"Hilo halimo kwenye mradi."

"Basi mimi nitaliweka." Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Hii si dawa tena. Hii ni mashindano ya kupika."

Niliona macho yao yakibadilika, wote wanane. Nilikuwa nimesahau kwamba hawa ni wapishi.


Jumamosi, Juni 14

Wote wameshuka. Kidogo, lakini wote. Nimenunua kalamu ya tatu, nyeusi, kwa sababu sasa mstari ni mmoja.


Jumatatu, Juni 16

Leo bakuli letu lilirudi na majani ya maboga yaliyopondwa na nyanya. Kukhu alionja, akafunga macho. "Mwanamke huyu ana kiburi," alisema, na jioni yote ameitumia kupanga jibu.


Alhamisi, Juni 19

Daktari Priscah alipita kununua mayai akakuta mabakuli mawili yakipishana njiani. Akaniuliza kama kuna matanga.


Jumamosi, Juni 21

Tulipima asubuhi, wote wakashuka tena. Saa nane mchana ikaja mvua ya mawe.

Ilidumu robo saa. Ilipokwisha, bustani ya Kukhu ilikuwa kama imepitiwa na panga butu. Mrenda wote umelala chini umechanika. Kunde zimebaki vijiti. Saga ya Mama Christine imekwenda, na huko bondeni ni vivyo hivyo. Miwa tu ndiyo imesimama.

Kukhu aliokota jani moja lenye matundu akaliangalia mwangani. "Wiki nne bado," alisema. Hakuna aliyehitaji kuniambia. Mboga mpya hazitakuwa tayari kabla ya wiki tatu.


Jumapili, Juni 22

Baada ya ibada wanawake walikaa jikoni bila kupika kitu. Nilikuwa nimeanza kusema kwamba tunaweza kufunga vipimo hapa tulipofika.

Mama Immaculate akasema, "Nifuateni."

Tulikwenda kwake. Alipanda kwenye dari la jikoni kwa ngazi, mwanamke wa kilo themanini na tano, huku wengine wakishikilia ngazi na kumwambia asituangukie. Akashusha magunia mawili. Ndani mlikuwa na majani ya kunde yaliyokaushwa, meusi, makavu, yakinukia moshi.

"Mama yangu alikausha kila mwaka mvua ikizidi," alisema. "Alikuwa akisema mvua nyingi ni mgeni asiyeaga. Nilianza kukausha mwezi wa tano."

"Mwezi wa tano wewe ulikuwa wa kulinganishia," nilisema. "Ulikuwa huna kazi."

"Ndiyo sababu. Ulinikalisha bure, nikajitafutia kazi." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, kama anayezungumza na gunia, "Na niliona vile ulivyokuwa ukiangalia ile mistari yako. Nikasema huyu mtoto siku moja atakosa majani, na hatakuwa na mama wa kumwambia."

Nilimwambia asante. Kwa wiki saba nimekuwa nikiandika hapa kwamba ananidharau. Ukurasa wa Mei 3 nauacha kama ulivyo, kwa sababu mwalimu alisema tusifute, lakini naandika hapa kwamba ulikuwa na kosa.

Tuligawa yale majani kwa bakuli moja la buluu, nyumba kwa nyumba.


Jumamosi, Juni 28

Wameshuka. Majani makavu yanahitaji kulowekwa usiku kucha. Mama Christine hakuloweka, akasema alitafuna paa la nyumba.


Jumanne, Julai 1

Mrenda mpya umechomoza. Mdogo kama kucha.


Jumamosi, Julai 5

Mwalimu amenisaidia kuhesabu kutoka karatasi za ukutani na yale wanawake wenyewe wanayokumbuka ya mwezi wa tano. Kabla ya sharti la Juni 11, kila mwanamke alikuwa akila vitu vya kukaanga karibu mara tisa kwa wiki. Sasa ni mara mbili. Tukakaa tukiziangalia namba hizo.

"Kwa hivyo ni majani yaliyoshusha, au ni mandazi yaliyoondoka?" aliuliza.

"Sijui kuvitenganisha, Mwalimu. Majani yamekaa mahali pa mandazi. Bakuli ni lile lile."

"Andika hivyo," alisema. "Neno kwa neno."


Ijumaa, Julai 11

Harusi huko mtaani. Mwiko Mmoja walipika. Wameonja kwa kijiko cha chai. Bwana harusi aliuliza kama kuna mgomo.


Jumamosi, Julai 19

Daktari Priscah alikuwa na mafua na bado alikuja. Wanawake walijipanga bila kuongea, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Wa kwanza alikuwa Mama Immaculate. Alianza mwezi wa tano na 6.1. Leo 5.3. Uzito, themanini na tatu nukta tisa.

Mama Christine ameshuka. Wa tatu ameshuka. Wa nne, wa tano, wa sita, wa saba.

Kukhu alikuwa wa mwisho kwa kutaka kwake. Alitoa kidole akageuza uso ukutani. Mashine ilihesabu. Daktari aliisoma, akanipa mimi niisome.

"Tano nukta nane," nilisema.

"Rudia," alisema Kukhu, bado akiangalia ukuta.

"Tano nukta nane, Kukhu. Na mizani inasema themanini na nane nukta tisa."

Aligeuka. Alinishika uso kwa mikono miwili, mikono ileile inayonukia musherekha. Nyuma yake Mama Immaculate akapiga kigelegele, halafu wote, na mwenye mafua akapiga pia, kikatoka kibaya kabisa.

Wastani wa wote wanane katikati ulikuwa 6.2. Leo ni 5.6. Nimeuhesabu mara nne.


Ijumaa, Julai 25

Maonyesho ya sayansi yalikuwa Kakamega mjini, ukumbini, meza zaidi ya mia. Upande wangu wa kushoto kulikuwa na roboti inayofagia. Mimi nilikuwa na grafu, karatasi nane zilizotoka ukutani zikiwa na madoa ya mboga, na bakuli moja la buluu.

Jaji aliyekuja kwangu aliitwa Daktari Cherono, mwanamke mrefu, mkimya. Alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, akarudi wa kwanza.

"Kundi lako la kulinganishia liko wapi?"

"Liliharibika, Daktari. Wiki ya tano niligundua kwamba lilikuwa likiletewa mboga na kundi la kwanza, na kundi la kwanza lilikuwa likirudishiwa mandazi. Nimeandika ukurasa wa pili."

"Umeandika mwenyewe kwamba liliharibika?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

Alianza kuniuliza mfululizo. Kwa nini hakuna watu zaidi. Je, kutembea? Je, najua namba ya mtu hupanda na kushuka yenyewe? Nilijibu nilichojua, na nisichojua nikasema sijui. Akauliza kama nadhani majani ya mrenda yanayeyusha mafuta mwilini. Nikasema utelezi wake na nyuzi zake huenda vinasaidia kutoa mafuta, vitabu vinasema hivyo, lakini mradi wangu haukuthibitisha hilo. "Nilichoona ni kwamba katika nyumba nane, majani yalipochukua nafasi ya vitu vya kukaanga, uzito ulishuka na kolesteroli ikashuka. Na yalichukua nafasi hiyo pale tu tulipoacha kupigana na mabakuli."

Hapo nilisikia sauti mlangoni. Bawabu alikuwa akisema wazazi hawaruhusiwi, na Mama Immaculate alikuwa akisema wao si wazazi, wao ni vifaa vya mradi.

Waliingia wanane, wamevaa leso zao za kikundi, Kukhu mbele akitembea upesi kuliko nilivyowahi kumwona, na bakuli la buluu limefunikwa kwa sahani.

"Daktari," Kukhu alisema akiliweka mezani, "umesoma mboga asubuhi nzima. Sasa onja."

Nilitaka kuingia chini ya meza. Daktari Cherono alitazama saa yake. Kisha akachukua kijiko, akaonja, akaonja tena, na akala lote akiwa amesimama. Aliyekuwa na roboti alitusogelea kuuliza kama limebaki.

Lilipokwisha, Daktari alilisafisha kwa kitambaa chake, akafungua mkoba wake, akatafuta, akatia ndani ndizi mbivu mbili na chungwa.

"Kwetu pia halirudi tupu," alisema, akaondoka kwenda meza iliyofuata.

Saa kumi walisoma majina. Sikusikia langu. Nilisikia kigelegele tu, sauti nane kwa pamoja, sauti iliyozoea kufikia watu mia tano uwanjani, na Mwalimu Osundwa akinisukuma mgongoni akisema, "Nenda, nenda, ni wewe wa kwanza."


Jumamosi, Julai 26

Zahanatini. Daktari Priscah aliangalia kadi ya Kukhu, ya zamani na mpya.

"Bado haijafika ninapotaka," alisema. "Lakini imeshuka vizuri sana. Vidonge tutaviacha kwa sasa. Endelea hivi hivi, uje mwezi wa kumi tupime."

"Mwezi wa kumi nitakuja nikiimba," Kukhu alisema.

Njiani alitangulia. Nilimfuata nikikaza mwendo.

Jioni aliniomba daftari hili. Alisema kama nimeandika habari zake kwa miezi mitatu, ana haki ya kusoma. Nilifikiria yale niliyoandika Juni 8, nikasita, kisha nikampa. Alivaa miwani akakaa nalo mlangoni, na mara nyingine nilimsikia akicheka.

Amenirudishia leo, Jumapili jioni. Nilipofungua nilikuta yafuatayo, kwa mwandiko wake mkubwa wa zamani, ule wa shule ya misheni.


*Jumapili, Julai 27. Mimi Awinja. Mvua hakuna. Mabakuli mawili ya mrenda. Nimekula yote mwenyewe. Mandazi: moja, nusu nikampa Mama Immaculate. Nimeandika.*